Karatasi ya Kambi ya Nne

Mlio ulikuja mmoja, mrefu, ukafifia kuelekea kiwandani. Ulikuwa wa tano tangu asubuhi. Nilikuwa nimelazwa juu ya kitanda cha kamba kando ya reli, kanga imetandwa kwenye vijiti inikinge jua, na kabla mlio haujakatika nilihisi mtoto kageuka tumboni mara moja, kwa nguvu, kama mtu anayejigeuza kutafuta ubavu wa kulalia. Kisha akatulia. Nikangoja. Nikaweka viganja vyote viwili juu ya tumbo, nikangoja tena. Bibi mkunga alinitazama usoni, akaweka na yeye mkono wake, akautoa upesi, akaanza kukunja kanga ambayo ilikuwa imekwisha kunjwa.

"Kimerudi tena," alisema mwanamke mmoja nyuma yangu. "Kimefika Pili, kimerudi tena."

Sote pale tulijua maana ya milio ile.

Nieleze, maana wasomaji wengi wa leo hawakuishi katika mashamba ya mkonge, na wale walioishi wengine hawataki kukumbuka. Shamba letu lilikuwa upande wa Mwera, na reli yake ndogo ilitoka kiwandani, penye korona, ile mashine ya kusaga majani ya mkonge, ikaenda maili sita mpaka mwisho wa shamba. Kambi ya Kwanza ilikuwa karibu na kiwanda, ukipiga kelele unasikika. Kambi ya Pili ilikuwa mbele kidogo tu. Ya Tatu ilikuwa imehamwa, mkonge wake umezeeka. Baada ya hapo ni daraja la mto, kisha mkonge mtupu, kisha sisi, Kambi ya Nne, mwisho wa reli. Wakati wa masika barabara ya lori ya kuja kwetu ilikuwa tope jeusi mpaka kiunoni, na mto ulikuwa hauvukiki isipokuwa juu ya daraja lile la reli. Kwa hiyo kila kitu chetu kilikuja kwa kiberenge, ile injini ndogo ya kuvuta mabehewa: maji ya pipa, unga, barua, habari. Na mkonge wetu uliokatwa, na wagonjwa wetu, viliondoka kwa kiberenge hicho hicho. Kiberenge kilikuwa kimoja, na reli moja.

Dereva wa zamani alikuwa mzee mmoja wa Kibondei, mkali, asiyecheka. Kazi yake ilikuwa na desturi moja. Akitoka kiwandani anakwenda mpaka mwisho wa reli, kila kambi anasimama anashusha, kisha anarudi, kila kambi anasimama anapakia. Kwenda na kurudi, basi. Hakugeuka katikati hata aitwe vipi. Nyapara wa Kambi ya Pili alikuwa akisimama kando ya reli na kupaza sauti, "Yakhe, rudi tu hapa, mzigo mmoja, dakika tano!" Na mzee anamjibu bila kupunguza mwendo, "Nikigeuka kila ukiniita wewe, nitazeekea kati yako na korona."

Watu wa kambi za karibu walimnung'unikia. Waliona kiberenge kinawapita kitupu kwenda kwetu mbali, na mizigo yao imelala pale pale inakauka jua. Lakini sisi wa mwisho tulijua jambo moja: kikitoka kiwandani, lazima kitafika. Ukichelewa leo asubuhi, utakipata leo alasiri. Mtu anaweza kupanga maisha yake juu ya jambo kama hilo. Na alituwekea milio ya honi ili tujue alipo, kwa sababu upepo wa kusi ukivuma kwetu tulisikia mbali. Milio miwili, nimefika Pili. Mmoja mrefu, narudi kiwandani. Mitatu, nimeondoka Pili nakuja kwenu. Ile mitatu ndiyo iliyokuwa ikitoa wanawake majumbani na madebe yao kichwani.

Kisha mzee akastaafishwa, akaja bwana msimamizi mpya, Mzungu kijana aliyetoka shamba jingine, na karani mpya aliyetoka Ngamiani, mjini Tanga, na kalamu yake mfukoni. Hawa wawili ndio walioleta ubao.

Ubao ulikuwa mzuri, sisemi uongo. Uliwekwa penye kibanda cha kiberenge, umepigwa misumari, kila kambi msumari wake. Mtu akitaka kiberenge anakwenda kwa karani, au anatuma mtu, karani anaandika karatasi, anaitundika. Dereva akiondoka anapewa karatasi zote zilizopo, anazichoma kwenye waya aliofunga penye mkono wa breki, na anakwenda palipo karibu naye kwanza. Akimaliza pale, anatazama waya, anakwenda tena palipo karibu na pale aliposimama. Na wanyapara wa njiani waliruhusiwa kumpa karatasi mpya mkononi bila kupitia ubao, ili asirudi bure.

Karani alikuja mwenyewe Kambi ya Nne kutueleza. Alivaa kofia ya tarbushi na viatu vilivyopakwa rangi, akasimama juu ya taruma, gogo linalolaliwa na reli, asichafuke.

"Kiberenge kikimbie maili sita kufuata pipa moja," alisema, "na huku mizigo kumi imelala maili mbili, huo ni ujinga. Karibu kwanza. Mnaona faida yake?"

"Tunaiona, bwana karani," alisema mkunga wetu, mama mtu mzima aliyezalisha nusu ya kambi. "Ila na wewe ututazame sisi tulivyo. Hapa tulipo, ukaribu tutaupata lini?"

Watu wakacheka. Karani hakucheka. "Karatasi yenu itakuwa kwenye waya," alisema. "Ikishakuwa kwenye waya haipotei."

Hiyo ilikuwa kweli. Haikupotea. Ninayo mpaka leo.

Na niseme haki, mambo yalikwenda vizuri kiwandani. Korona haikukosa majani hata saa moja. Bwana msimamizi alisifiwa na wakubwa zake, karani akasifiwa na bwana msimamizi, watu wa Kwanza na wa Pili wakasema heri ubao. Walikuwa wengi, sisi tulikuwa wachache. Ila kwetu maji yalianza kukosekana. Siku ya kwanza bila pipa tukadhani kiberenge kimeharibika. Siku ya pili tukachimba mchanga wa korongo tukachota maji ya rangi ya chai. Siku ya tatu ndipo milio mitatu ikasikika, na wanawake wakakipokea kiberenge kwa vigelegele vya kejeli. Mmoja akamwambia dereva mpya, kijana mnene mwenye aibu, "Karibu mume wetu! Leo mke mkubwa wa Pili kakupa ruhusa?" Dereva akainamisha kichwa. "Dada zangu, msinitie maneno," alisema. "Nikifika pale Pili napewa karatasi mpya mkononi. Nafanya iliyo karibu. Nikimaliza hiyo napewa nyingine. Yenu ipo, lakini kila saa iko mbali."

Malalamiko yakafika. Karani akatoa karatasi nyekundu: aliye na jambo la haraka apewe nyekundu, na nyekundu ipite mbele ya nyeupe zote. Tulifurahi wiki mbili. Kisha nyapara wa Kambi ya Pili, mwizi yule wa zamu za watu, akagundua kwamba akiandikia mizigo yake ya mkonge karatasi nyekundu inakwenda kwanza. Akaomba bunda zima. Karani akampa. Na wa Kwanza naye akaomba, asibaki nyuma. Mwezi haukwisha kila karatasi kwenye waya ilikuwa nyekundu, na dereva akarudi kule kule, karibu kwanza. Bwana msimamizi akakasirika, akaamuru nyekundu zisitolewe tena ila kwa sahihi yake yeye mwenyewe.

Nyuma kidogo, kabla ya hayo, kulikuwa na amri nyingine ambayo nataka ijulikane, kwa sababu ndiyo iliyotufunga. Kila kambi ilikuwa na toroli la kusukuma kwa mikono, la mbao, magurudumu ya chuma. Zamani tukipata mgonjwa usiku au mchana tunamweka juu, tunamsukuma. Mwendo wa saa mbili unafika kwa dresa, mganga msaidizi wa zahanati ya kiwandani. Lakini watu wawili walikuwa wamegongwa kwenye kona na kiberenge, mmoja akafa, basi bwana msimamizi akaamuru hivi: karatasi ya kambi ikishatundikwa, njia ya kambi hiyo ni ya kiberenge peke yake. Toroli lisiwekwe kwenye reli, mtu asipite darajani, mpaka kiberenge kije na kiondoke. Atakayevunja, atanyang'anywa kipande, kadi yake ya kazi, na kufukuzwa siku ile ile.

Nilikuwa na umri wa miaka kama ishirini hivi, na mimba ya kwanza. Mume wangu alikuwa mtu wa bara, alikuja kwa mkataba kukata mkonge, wenzake wakamcheka kwa kuoa mtoto wa pwani. Uchungu ulinianza jioni, na alfajiri chupa ikapasuka, na maji yakatoka yana rangi ambayo mkunga hakuipenda. Akanipima. Akatoka nje, akamwita mume wangu.

"Mwanangu, huyu mtoto kakaa vibaya. Mimi mikono yangu haimfikii. Mpeleke kwa dresa, na dresa ampeleke mjini."

Sasa hapa ndipo kosa letu lilipo, na nalisema mimi kabla hajalisema mtu mwingine. Toroli lilikuwepo pale pale, limeegemezwa mti. Tungelivuta likaingia kwenye reli alfajiri ile, kabla ya karatasi yoyote, hakuna amri ambayo ingetuzuia. Lakini mume wangu alikuwa mtu wa kufuata utaratibu. Alisema, "Kiberenge ni cha injini, toroli litamtikisa. Nakimbia nikatundike karatasi. Nikifika nao wakaondoka, saa tatu wapo hapa." Na sote tukaona sawa. Akakimbia maili sita juu ya mataruma, peku.

Aliyotendewa huko niliyasikia baadaye kutoka kinywani mwake, na kwa dereva, na wote wawili walisema sawa.

Alimkuta karani kibandani anakunywa chai. Akamwamkia, shikamoo bwana karani, ingawa karani hakumzidi umri sana. Akamweleza.

"Nyekundu hazitolewi bila sahihi," karani akasema.

"Bwana msimamizi yuko wapi?"

"Bwana kenda Tanga. Atarudi jioni."

"Mke wangu hawezi kungoja jioni."

"Basi nakuandikia nyeupe. Nyeupe nayo ni karatasi." Akaandika. Mume wangu hakujua kusoma. Aliona kalamu inakwenda, mistari miwili mifupi, akaamini. Karani akaitundika kwenye msumari wa Kambi ya Nne, ikapigwa kengele ya simu, ambayo kambini hulia tu, haisemi neno, na kwa kengele ile njia yetu ikafungwa.

Nyapara wetu wa Kambi ya Nne aliisikia kengele kwenye kisanduku chake. Akaja kwetu na uso wa furaha. "Imepokelewa! Mtoeni nje, kiberenge kinakuja." Wakanitoa kitandani wakaniweka kando ya reli. Saa tatu ile. Jua lilikuwa bado la kupendeza, mvua ya usiku imeosha majani.

Ikalia milio miwili. Kimefika Pili.

"Haya," mkunga akasema, "jikaze, mwana wangu. Mitatu inafuata."

Ukalia mmoja, mrefu.

Tukatazamana. "Labda kasahau kitu kiwandani," mwanamke mmoja akasema. Tukangoja. Tumbo linakaza na kuachia, linakaza na kuachia. Nilikuwa naona mstari wa reli unavyonyooka mpaka unakuwa kitone, na kila kitone kikicheza na joto nadhani ni kiberenge. Saa nne na nusu, milio miwili. Halafu mmoja. Saa sita, miwili. Halafu mmoja. Kuna mama alianza kulia, mkunga akamfukuza. "Kalilie nyumbani kwako. Hapa tunasikiliza."

Adhuhuri mkunga alimfuata nyapara wetu. Nilisikia kila neno, walikuwa hatua kumi kutoka kichwani mwangu.

"Toa toroli."

"Bibi, njia imefungwa."

"Imefungwa na nani? Mimi naiona iko wazi mpaka mwisho wa macho."

"Karatasi ipo. Kiberenge kinaweza kuja sasa hivi. Mkikutana nacho darajani?"

"Kinaweza. Kinaweza tangu saa tatu."

"Nitafukuzwa mimi. Nina watoto sita, bibi. Nikifukuzwa nawapeleka wapi?"

"Na huyu mmoja tumpeleke wapi?"

Akaenda kukaa juu ya jiwe, kisogo kimetuelekea. Simlaumu sana. Alikuwa mwoga, na woga wake ulikuwa na sababu. Lakini jina lake liwe humu pamoja na wengine, kwa cheo chake: nyapara wa Kambi ya Nne.

Wakati ule karatasi yangu ilikuwa wapi? Ilikuwa kwenye waya. Dereva aliichukua safari ile ya kwanza kabisa, akawa nayo karibu na mkono wake mchana kutwa, akienda nayo Pili na kurudi nayo kiwandani. Kila akifika Pili, nyapara yule anamwekea mpya mkononi. Mzigo upo hapa hapa, pakia, korona inangoja. Akirudi kiwandani, karani anamwongezea za Kwanza. Yangu ikawa chini ya zote, ikipakwa mafuta ya mashine.

"Mara ya tatu nilishika breki," dereva aliniambia. "Nikaangalia njia ya kwenu. Ilikuwa tupu. Nyapara akaniuliza, unaangalia nini? Nikamwambia kuna abiria Nne. Akasema, abiria hasagwi na korona, pakia. Nikapakia."

Na mume wangu alikuwa amesimama penye ubao saa zote hizo. Kila kiberenge kikirudi anamfuata karani. Karani anamwonyesha msumari mtupu. "Umeona? Karatasi yako haipo hapa. Imechukuliwa. Iko kazini." Fikirini mtu asiyejua kusoma anaonyeshwa msumari mtupu kuwa ndio dawa ya mkewe.

"Bwana karani, mwambie dereva apite moja kwa moja. Neno moja tu."

"Nikivunja mpango kwa ajili yako, kesho nitauvunja kwa nani? Kaa chini. Unanizibia mlango."

Basi tukafika saa ile niliyoanza nayo. Alasiri, mlio wa tano, mtoto akageuka, akatulia. Mkunga alipomaliza kukunja ile kanga aliinuka, hakumwomba mtu. Akaenda kwenye toroli akalishika ukingo mmoja. Wanawake watatu wakamfuata. Wakaja na wakata mkonge wawili waliokuwa na homa, hawakwenda shambani siku ile. Wakalitia kwenye reli, wakanipandisha na kitanda changu. Nyapara wetu alikuwa bado juu ya jiwe. Alisema bila kugeuka, "Mimi sijaona kitu." Ndio msaada alioutoa, na kwa mtu kama yeye ulikuwa msaada mkubwa.

Walisukuma kwa kukimbia. Nilikuwa naona mbingu tu na vidole vya mkunga vimeshika ubao karibu na sikio langu. Magurudumu yakigonga maungio ya reli, kila pigo linanipita mgongoni. Tukapita ule mkonge mtupu, umeota milingoti mirefu. Nikasikia maji, nikajua tumefika mtoni. Wakapunguza mwendo, maana darajani hakuna pa kukanyaga ila mataruma, na chini yake unaona maji mekundu yanakwenda.

Tulikuwa katikati ya daraja ilipolia. Mmoja. Miwili. Mitatu.

Mlio ambao kambi nzima iliungojea tangu saa tatu asubuhi. Nilimsikia mkunga anasema, taratibu kabisa, "La ilaha illa Llah." Mmoja wa wale wenye homa akataka kuvuta nyuma, mwenzake anasukuma mbele, toroli likasimama. "Mbele!" akapiga kelele mkunga. "Nyuma ni mbali, mbele!" Mwanamke mdogo kuliko wote akavua kanga yake ya juu, akakimbia mbele yetu, akiruka taruma kwa taruma juu ya maji, akatoka darajani, akasimama katikati ya reli anapunga. Mimi nilitaka kuinuka nikashindwa. Nilisikia reli chini ya mgongo wangu inaanza kuimba.

Kilisimama. Breki zililia mpaka meno yangu yakauma. Kilisimama na pua yake penye taruma la kwanza la daraja, na yule mwanamke amekaa chini kando ya njia, kajishika kichwa. Na aliyeruka kutoka kwenye kiberenge alikuwa mume wangu. Alikuwa amekipanda kwa nguvu kule kiwandani, akakaa mbele penye taa, na walipofika Pili nyapara alipokuja na karatasi zake mume wangu alisimama kati yake na dereva. Akasema, "Mpe, na mimi nitazila." Nyapara akaona macho yake akarudi nyuma. Ndivyo kiberenge kilivyokuja kwetu hatimaye. Kilikuja pale mtu mmoja alipoivunja foleni kwa mwili wake, na kidogo kitumalize.

Dresa alinitoa mtoto kabla ya magharibi. Mwanamume, mzito, nywele nyingi. Hakulia. Mimi walinipeleka Tanga kwa lori, nikalala hospitali mpaka masika yakaisha, nikatoka hai. Mtoto mwingine sikupata. Mume wangu alifukuzwa kesho yake kwa kumtisha nyapara na kuzuia kazi, na mkunga akaondolewa kambini kwa kuweka toroli kwenye njia iliyofungwa. Yule mwanamke wa kanga alikuja kunitazama hospitali mara moja, akaniletea maembe mabichi na chumvi. Mume wangu alikaa nami miaka mitatu hapa mjini, akibeba magunia, akiwa kimya zaidi kila mwezi, kisha akarudi kwao bara. Hakunipa talaka. Aliniambia tu, "Ningelivuta toroli," akaondoka.

Karatasi niliipata kwa dereva. Alikuja hospitali, akasimama mlangoni na kofia mkononi, akaniambia, "Dada, hii yenu." Akaiweka kwenye shuka, akanisimulia ya siku ile, akatoka. Ilikuwa na tundu la msumari na tundu la waya, na alama ya dole la mafuta. Niliitia kwenye sanduku langu la bati, ikakaa humo miaka. Siku zote niliamini imeandikwa alivyosema mume wangu: mwanamke anajifungua, hali yake mbaya, njooni. Nilijua hawakuja upesi. Lakini niliamini kwamba angalau waliandikiwa.

Nimejifunza kusoma juzi, utu uzima, katika madarasa ya jioni ya ngumbaro huku Nguvumali, nikiwa na watu wa makamo kama mimi tunaogombania miwani. Siku nilipoweza kusoma gazeti bila kusaidiwa nilirudi nyumbani, nikafungua sanduku. Mwandiko ni mzuri, hauna kasoro. Mstari wa kwanza umesema: Kambi ya Nne, abiria mmoja. Mstari wa pili: Kikipita huko.

Basi. Hakuna uchungu, hakuna mwanamke, hakuna haraka. Kikipita huko. Niliisoma mara nyingi nikidhani ndio ugeni wangu wa kusoma. Nikampelekea mwalimu wetu, akaisoma vile vile.

Bwana msimamizi alirudi kwao zamani, simjui alipo. Yeye ndiye aliyetunga karibu kwanza, na yeye ndiye aliyefunga njia, akaweka sahihi yake kuwa ufunguo halafu akaenda nayo mjini. Nyapara wa Kambi ya Pili amekufa, namwachia Mungu, ila nimemtaja. Dereva alipanda na mzigo wake akaushusha kwangu, simdai. Aliyebaki ni karani. Yupo Ngamiani. Anakaa barazani kwake kila alasiri, mzee wa kuheshimika, watu wasiojua kusoma humletea barua zao awasomee na kuwaandikia. Kwa miaka mingi nimepita pale nikamwamkia shikamoo, naye akaniitikia marahaba, mwanangu, bila kunijua mimi ni nani.

Bwana karani, mimi ndimi abiria mmoja. Mume wangu alikuambia kwa kinywa chake kwamba mkewe anakufa, ukamsikia, maana ulimjibu. Sikuulizi habari ya ubao, wala ya rangi ya karatasi, wala ya bwana wako kwenda Tanga. Nakuuliza maneno mawili uliyoyaandika kwa mkono wako huo unaowaandikia watu barua mpaka leo. Nani alikuambia uandike kikipita huko? Karatasi ninayo. Nitaileta barazani kwako alasiri, watu wakiwepo, nitaisoma mwenyewe kwa sauti. Nawe ukae pale pale ulipo, usiingie ndani, unijibu.